Karantini ya Shule na Mpira wa Jioni

Karantini ya shule ni utaratibu wa kumweka mwanafunzi mbali na wenzake kwa muda ili ugonjwa wa kuambukiza usienee. Ndani yake yamo mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kumtenga mtoto anayeumwa. La pili ni kumzuia mtoto asiyeumwa ila amekaa karibu na mgonjwa, mpaka upite ule muda ambao ugonjwa ungeweza kujitokeza. Hiyo ndiyo karantini hasa. La tatu ni kufunga darasa, mkondo au shule nzima. Hatua zote hizo huamuliwa kwa kutazama dawati: nani anakaa na nani, chumba kina watoto wangapi, masomo yatapotea siku ngapi. Uwanja wa michezo hukumbukwa mwishoni, au haukumbukwi kabisa.

Mwenge, katika Manispaa ya Kinondoni, panaonyesha vizuri matokeo yake. Hapo Barabara ya Sam Nujoma inakutana na ile ya Bagamoyo, wachonga vinyago wana soko lao, na uwanja wa KMC wenye nyasi bandia umeleta mechi za Ligi Kuu mpaka mlangoni mwa wakazi. Watoto wa mtaa, hata hivyo, hawachezi chandimu kwenye nyasi hizo. Wao wana viwanja vya shule, vichochoro vipana na kila kiwanja cha mtu ambacho hakijajengwa. Jua likipungua makali hupanga matofali mawili huku na ndala mbili kule, magoli yakawa tayari. Mtoto aliyerudishwa nyumbani saa mbili asubuhi kwa sababu ya macho mekundu, saa kumi na moja jioni yupo golini, anajifuta macho kwa mkono uleule anaodakia mpira. Hajakaidi amri ya mtu. Mzazi aliambiwa mtoto asije shuleni, na uwanja wa mtaani si shule.

Lipo na la kinyume. Mtoto mwenye mapunye kichwani huondolewa kwenye timu ya riadha muhula mzima, ingawa mapunye hayaruki hewani, yanatibika, na mkimbiaji wa mita 100 hamgusi mwenzake popote kuanzia mwanzo wa mbio hadi mwisho. Huyu anazuiwa jambo lisilo na hatari, yule wa macho mekundu anaachiwa lenye hatari, na chanzo ni kimoja: kanuni haifuati njia ya ugonjwa.

Katika shule ya kawaida ya serikali hakuna muuguzi. Wa kwanza kuona dalili ni mwalimu wa darasa, au kiranja wa afya anayekagua kucha na nywele asubuhi mstarini. Mwalimu wa afya hana kipimo zaidi ya macho yake na kiganja cha kuweka kwenye paji la uso. Akishuku, mzazi hupigiwa simu, mtoto hupelekwa zahanati, na ikionekana jambo zito hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala. Hurudi na karatasi ya mapumziko, ile ambayo wengi huiita ED, na karatasi hiyo hukabidhiwa mwalimu wa darasa. Mara nyingi safari yake huishia hapo. Mwalimu wa michezo haioni, na kocha wa timu ya mtaani, ambaye pengine ndiye anayekaa na mtoto huyo kwa saa nyingi zaidi, hajui hata kama ipo. Hili ni tatizo la karatasi kabla ya kuwa tatizo la tiba, na kulitatua hakuhitaji fedha: daftari moja linalosomwa na mwalimu wa darasa, wa afya na wa michezo kila asubuhi lingetosha.

Muda wa kumzuia mtoto hutegemea ugonjwa wenyewe, na hapa ndipo panapohitaji umakini. Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, na huendelea kuambukiza mpaka kila kipele kikauke na kuwa kigaga; kwa kawaida ni siku tano hadi saba tangu vipele vya kwanza. Aliyekutana na mgonjwa anaweza kuugua kati ya siku ya 10 na ya 21. Maana yake ni kwamba mtoto akigundulika na tetekuwanga Jumatatu, wenzake aliocheza nao netiboli Jumamosi iliyopita walikwisha kufikiwa kabla mtu hajajua lolote. Kuivunja timu nzima kwa wiki tatu kwa ajili hiyo ni adhabu kubwa kwa ugonjwa ambao watoto wengi wenye afya hupona bila matatizo. Afadhali waendelee kucheza, wachunguzwe kila siku, na atakayetokwa na kipele apumzishwe siku hiyohiyo. Tahadhari ya pekee ni kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua na kwa mtoto mwenye kinga dhaifu. Kocha au matroni mjamzito anastahili kuambiwa mapema.

Surua ni habari nyingine. Huambukiza kuanzia siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake, hukaa hewani chumbani hata mgonjwa akiwa ameshatoka, na katika watu 10 wasio na kinga walioshiriki hewa na mgonjwa, takriban 9 huugua. Kwa surua ile hatua ya pili, karantini hasa, ina maana kamili, na swali la kwanza linapaswa kuwa juu ya kadi ya kliniki. Tanzania ilianza kutumia chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, dozi ya kwanza ikitolewa mtoto anapofikisha miezi 9 na ya pili miezi 18. Mtoto mwenye dozi zote mbili hana sababu ya kukosa mechi kwa kuwa jirani yake wa dawati ameugua. Asiyechanjwa anayo. Kocha anayejua kadi za watoto wake atawazuia wawili au watatu. Asiyezijua atalazimika kuwazuia wote ishirini. Kwa bahati mbaya, kadi hizo wazazi wengi huziweka kabatini siku mtoto anapoanza darasa la kwanza, na zikitafutwa tena hazionekani.

Matumbwitumbwi humweka mtoto nje kwa siku tano tangu shavu livimbe. Macho mekundu yanayoletwa na virusi, ambayo Januari 2024 yalienea Dar es Salaam kiasi cha Wizara ya Afya kutoa tahadhari kwa umma, hayana dawa ya kuyaondoa upesi. Huweza kuambukiza kwa hadi wiki mbili, na njia yake kuu ni mikono, taulo na kila kinachoshikwa na wengi, mpira ukiwemo. Mtoto wa namna hii mara nyingi hana homa, ana nguvu zake zote na anataka kucheza. Ndiyo maana ni vigumu kumzuia kuliko mwenye malaria, ambaye hajiwezi na ambaye, kwa kweli, hahitaji kutengwa na mtu yeyote. Malaria na dengi hubebwa na mbu. Dengi ilipoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, kumtenga mgonjwa na wachezaji wenzake kusingemkinga hata mmoja; kuondoa maji yaliyotuama pembeni mwa uwanja kungefaa zaidi. Kipindupindu nacho, ambacho mlipuko wake ulioripotiwa Kinondoni Agosti 2015 ulisambaa mikoani, hakipiti kwenye mpira wala kwenye pumzi. Hupita kwenye maji na chakula. Uwanja wenye choo kibovu na ndoo moja ya maji ya kunywa yenye kikombe kimoja ni hatari kwa kipindupindu hata kama watoto hawagusani.

Tukio lililowafundisha Watanzania wengi neno karantini ni la mwaka 2020. Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha sita kwa siku 30, pamoja na kusitishwa kwa mikusanyiko na michezo. Katika tangazo hilohilo zilitajwa Ligi Kuu na madaraja yake ya chini, na pia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA ya sekondari. Siku moja baadaye vyuo navyo vilifungwa. Aprili 14, zilipokaribia kwisha zile siku 30, muda uliongezwa bila kutajwa mwisho.

Kufunga kwa mara moja kulieleweka. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hakuna aliyejua watoto wanaambukiza kiasi gani, na dunia nzima ilikuwa ikifanya hivyo. La kutazamwa zaidi ni mpangilio wa kufungua. Rais John Magufuli alitangaza kwamba kuanzia Juni 1 vyuo na kidato cha sita vingerudi, na michezo ingeruhusiwa tena. Ligi Kuu ilirejea Juni 13. Juni 16, akilihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais alitangaza kwamba shule zote zingefunguliwa Juni 29. Simba walitwaa ubingwa Juni 28 kwa sare ya bila kufungana na Tanzania Prisons jijini Mbeya, yaani siku moja kabla mtoto wa darasa la tano hajarudi kwenye dawati lake. Watu wazima walikwisha kurudi uwanjani na kumpata bingwa. UMITASHUMTA na UMISSETA za mwaka huo hazikufanyika.

Hakuna ubaya wa ligi ya kulipwa kutangulia. Wachezaji wake wana mikataba, madaktari wa timu na ajira za watu nyuma yao. Lakini mpangilio ule unaonyesha mchezo wa mtoto unavyowekwa kwenye mizani: wa kwanza kusitishwa, wa mwisho kurudishwa. Shule zilipofunguliwa, Wizara ya Elimu ilielekeza muda wa masomo uongezwe ili kufidia siku zilizopotea, na kwenye ratiba iliyojaa, kipindi cha michezo ndicho kilichokuwa rahisi kumegwa. Getini palikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni, mwalimu wa zamu akisimamia kila mtoto anawe. Mara nyingi ndoo hiyo ilibaki getini. Kwenye uwanja wa mpira, ambako mikono ya watoto hukutana zaidi, haikufika.

Katika zile siku zaidi ya 100 shule zilipokuwa zimefungwa, mtaani hali haikuwa ya kujifungia. Tanzania haikuweka amri ya watu kukaa ndani. Watoto wa Mwenge, Sinza na Makongo, wasio na masomo wala tuisheni, walicheza chandimu kutwa. Ukweli huu una uzito katika kupima karantini yoyote ya shule. Shule ikifungwa, mtoto hapotei. Anahamia mahali ambapo hakuna mwalimu, hakuna ndoo ya maji na hakuna wa kumwambia mwenye kikohozi akae pembeni. Michezo iliyoratibiwa huzuilika kwa tangazo moja la redio, na kwa sababu huzuilika kirahisi ndiyo huzuiwa. Ile isiyoratibiwa, ambayo ndiyo ya watoto wengi, haisikii tangazo.

Majirani walipita njia tofauti. Kenya ilifunga shule zake katikati ya Machi 2020, ikarudisha madarasa machache Oktoba 12 na wanafunzi wote Januari 4, 2021. Uganda ilifunga Machi 20, 2020, ikawa inafungua kwa baadhi ya madarasa na kufunga tena, hadi ilipofungua kikamilifu Januari 10, 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule, kikamilifu au kwa sehemu, kwa muda mrefu kuliko huo. Kijana wa Kampala aliyekuwa na miaka 14 na kasi ya mbio alirudi shuleni akikaribia 16. Michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, ilirejea Arusha mwaka 2022. Kwa mtu mzima miaka miwili ni pengo. Kwa mcheza soka wa chini ya miaka 15, miaka miwili ndiyo umri wenyewe wa kuonekana.

Huko Uingereza watoto walipangwa katika makundi yaliyofungiwa pamoja, na mmoja akikutwa na virusi kundi zima lilirudishwa nyumbani, wakati mwingine watoto wa mwaka mzima wa masomo. Utaratibu huo uliachwa katikati ya 2021, na kuanzia Agosti 16 mwaka huo mwenye umri wa chini ya miaka 18 na miezi 6 hakulazimika tena kujitenga kwa sababu tu ya kukutana na mgonjwa. Marekani muda wa karantini ulianza na siku 14, Desemba 2020 ukaruhusiwa kupunguzwa hadi 10 au hata 7, mwisho wa 2021 ukawa siku 5, na Agosti 2022 pendekezo la kumweka karantini asiyeumwa likaondolewa kabisa. Ugonjwa haukuwa umebadilika kiasi hicho kila mara. Kilichobadilika ni hesabu ya hasara: mtoto asiyeumwa, aliyezuiwa mara tatu kwa muhula, alikuwa anapoteza zaidi ya kile ambacho jamii ilikuwa ikiokoa.

Kwa magonjwa yanayopita hewani, uwanja wenyewe ndio sehemu salama kuliko nyingine zote katika siku ya michezo. Upepo wa Dar es Salaam unatosha kutawanya pumzi za watoto 22 waliosambaa kwenye uwanja mkubwa. Hatari ipo kabla na baada ya mechi. Ipo kwenye Kosta iliyokodiwa kutoka Mwenge hadi Temeke, yenye nafasi za watu 28 na kubeba 45, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, watoto wanaimba kwa sauti zote njia nzima. Ipo kwenye darasa walilopewa wageni kubadilishia nguo. Ipo kwenye chupa moja ya maji inayozunguka wakati wa mapumziko, kila mtoto akidai hajaigusisha mdomo. Shule inayotaka kupunguza maambukizi bila kufuta mechi ianzie hapo: vioo vifunguliwe, kila mtoto aje na chupa yake yenye jina, na timu zivalie nje chini ya mwembe. Kufuta mechi na kuacha darasa la watoto 90 likiendelea, wakati kiwango cha Wizara kwa shule ya msingi ni watoto 45, ni kuziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Kwa magonjwa ya ngozi mambo hugeuka. Hapo adui ni jezi. Shule nyingi zina seti moja tu, iliyotolewa na mfadhili au mbunge, nayo huvaliwa na timu ya wadogo saa nane, ikavuliwa ikiwa imelowa jasho, na kuvaliwa na timu ya wakubwa saa tisa. Baadaye hurundikwa kwenye mfuko wa sandarusi na kufungiwa stoo hadi mechi nyingine. Upele na fangasi havihitaji mazingira bora kuliko hayo. Mtoto mwenye upele anaweza kurudi darasani siku moja baada ya kuanza matibabu sahihi, ilimradi nguo na matandiko vimefuliwa na wa nyumbani wametibiwa naye. Lakini akivaa jezi isiyofuliwa anaanza upya. Mwalimu wa michezo mwenye beseni, sabuni na kamba ya kuanikia anafanya kazi kubwa ya afya kuliko anayeandika barua tano za kuwazuia watoto.

Mahali pagumu kuliko pote ni kambi. UMITASHUMTA huanzia shuleni, hupanda kata, halmashauri na mkoa, na kilele chake huwa kambi ya kitaifa, kwa kawaida mwezi Juni, watoto wa mikoa yote wakikusanyika mji mmoja. Mwaka 2021, baada ya pengo la mwaka uliotangulia, mji huo ulikuwa Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam kwa basi. Kambini watoto hulala katika mabweni au madarasa yaliyoondolewa madawati, magodoro yamepangwa bega kwa bega, na asubuhi hupanga foleni ya uji wakiwa na vikombe mkononi. Soka, netiboli, wavu, mikono, riadha, na hata goalball kwa wasioona, vyote huendeshwa kwa siku chache mfululizo. Mtoto mmoja mwenye tetekuwanga akifika siku ya kwanza, siku ya kufunga mashindano wengine watakuwa bado hawaonyeshi dalili. Vipele vitawatokea wakiwa wamesharudi Kagera, Kigoma na Lindi, na hakuna atakayekumbuka kuvihusisha na godoro la Mtwara.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa kabla ya kambi una thamani kuliko karantini ya baada yake. Mkoa unaokusanya timu siku kadhaa kabla ya safari unaweza kuwatazama watoto ngozi, macho na koo, kuuliza habari za nyumbani, na kumbakiza mwenye dalili. Kambini kwenyewe chumba kimoja kiachwe wazi tangu mwanzo kwa ajili ya atakayeugua, chenye kitanda, chandarua na mtu mzima wa kumhudumia. Kukitafuta chumba hicho saa saba usiku, mtoto akiwa anachemka homa, hakuleti matokeo mazuri. Kwa magonjwa makali kama Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, uamuzi hautoki kwa mwalimu wala kocha. Maofisa wa afya hufuatilia kila aliyemgusa mgonjwa kwa siku 21, chini ya mamlaka ya sheria, na mtoto aliye kwenye orodha hiyo hasafiri.

Kikwazo kikubwa cha ukaguzi huo ni mtoto mwenyewe, na mzazi wake. Aliyechaguliwa kuuwakilisha mkoa ameshavuka mamia ya wenzake. Ameshaonyeshwa njumu mpya. Akiona kipele tumboni, atavaa fulana na kunyamaza. Mzazi naye humpigia mwalimu simu usiku: “Shikamoo mwalimu. Homa imeshuka tangu jana, si anaweza tu kwenda na wenzake?” Mwalimu anayeijua nafasi hiyo ilivyo adimu hupata shida kukataa. Adhabu haisaidii hapa, inazidisha kuficha. Kinachosaidia ni mtoto kujua kwamba akisema ukweli nafasi yake haipotei moja kwa moja. Katika ngazi ya shule na kata inawezekana kabisa mchezaji aliyetengwa akashikiwa nafasi hadi mchujo unaofuata, na jina la akiba likaingia kwa mechi zile tu alizokosa. Katika ngazi ya taifa ni vigumu, maana mashindano huisha kabla siku zake hazijaisha.

Sheria zenyewe zipo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaipa serikali uwezo wa kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Sheria ya Mtoto, ya mwaka huohuo wa 2009, inataja kucheza na kuburudika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, katika orodha moja na chakula, malazi, matibabu, chanjo na elimu. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Kwa hiyo karantini haiahirishi starehe tu. Inagusa haki mbili kwa pamoja, ya elimu na ya kucheza, na anayeiweka anapaswa kutaja mwisho wake siku anapoiweka. “Hadi itakapotangazwa tena” ni maneno yanayokubalika kwa janga lisilojulikana. Kwa matumbwitumbwi ya darasa la nne hayana udhuru, kwa sababu siku zake zinajulikana.

Historia ya michezo ya shule nchini inaongeza sababu ya kutaja mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, UMITASHUMTA na UMISSETA zilisitishwa kwa sababu zisizohusiana na ugonjwa, na zikakaa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa. Wadau wa soka na riadha hadi leo huutaja muda huo wanapoeleza kwa nini vipaji vilipungua. Kitu kilichowahi kusimama hivyo kikisimamishwa tena, hata kwa sababu njema, watu wana haki ya kuuliza tarehe.

Timu za mitaani na vituo vya kukuzia vipaji viko nje ya mfumo huu wote. Mtoto wa Mwenge anaweza kuwa mwanafunzi wa shule moja asubuhi, mchezaji wa kituo cha soka jioni, na siku za wikendi akaazimwa na timu ya ndondo ya mtaa wa pili. Shule ikimzuia, vituo hivyo havipati taarifa, na havina wajibu wa kuulizia. Mlango pekee wa taarifa ni mzazi. Basi karatasi ya shule ingeandikwa kwa ukamilifu zaidi: si “asije shuleni hadi Jumatatu” peke yake, bali pia “asishiriki michezo ya timu popote hadi tarehe hiyo”, na pale ambapo inafaa, “anaweza kufanya mazoezi peke yake nyumbani”. Mistari miwili ya nyongeza inamtoa mzazi kwenye kubahatisha, na inampa kocha wa mtaani kitu cha kusoma.

Linabaki suala la kurudi. Kwisha kwa muda wa kuambukiza si kupona. Mtoto aliyetoka kwenye surua anaweza kuwa dhaifu kwa wiki kadhaa, na maambukizi mengine humpata kirahisi. Virusi vya aina mbalimbali, vya korona vikiwemo, mara chache hushambulia misuli ya moyo, na mtoto wa namna hiyo akikimbia kwa nguvu mapema anaweza kuzimia au kupata madhara makubwa zaidi. Aliyekuwa na mafua mepesi anaweza kurudi mara homa inapokwisha na hali yake ikiwa nzuri. Aliyelala kitandani na homa kwa siku nyingi huanza kwa kutembea, siku inayofuata kukimbia taratibu, kisha mazoezi na mpira bila mechi, na mechi huja mwisho, kama hakuna maumivu ya kifua, mapigo ya moyo kwenda mbio kupita kawaida au pumzi kukatika. Dalili moja kati ya hizo ikitokea, mazoezi husimama siku hiyo na mtoto hupelekwa kwa daktari, hata kama ED yake ilikwisha wiki iliyopita na timu ina fainali ya kata Jumamosi.